Muulize Aliyeingia Ndani

Ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Funguo ishirini na saba kwenye duara moja la chuma, limefungwa kiunoni kwa mkanda wa kitambaa. Ishirini na sita za vyumba, na mmoja mkubwa unaofungua vyote. Akipanda ngazi, funguo zinalia kwa mpigo; akishuka, zinalia ovyo. Hotelini walimwita Mama Funguo. Nyumbani mumewe, fundi seremala, alimwita Mama Watoto. Yeye alimwita mumewe Fundi, hata siku alizomkasirikia.

Alianza pale kwa kufua mashuka. Shule aliishia darasa la pili. Namba alizijua, jina lake alijua kuliandika, basi. Hakuona haya kwa hilo. Aliwaambia wenzake kuwa shuka halimuulizi mtu cheti.

Mwaka wa tatu wakampa kusimamia vyumba vyote. Hapo ndipo alipokutana na daftari.

Daftari lilikaa mapokezi, kwa karani. Humo mliandikwa kila kitu: nani kaja, nani kaondoka, chumba kipi kisafi. Shida ni kwamba karani hakuwahi kupanda ngazi. Siku moja aliandika chumba namba tisa ni kitupu, kwa sababu mgeni wake aliaga asubuhi. Hakujua kuwa mgeni kaghairi, karudi kwa mlango wa nyuma. Mama Funguo akampandisha bwana mmoja mwenye masanduku mawili, akamfungulia mlango kwa heshima zote. Ndani amesimama mtu kajifunga taulo, mswaki mdomoni.

Wakasalimiana wote watatu.

Siku hiyo alirudi nyumbani, akasukuma sahani pembeni.

"Fundi, nichongee vibao ishirini na sita."

"Vya nini?"

"Vya vyumba. Lile daftari linasema yasiyolihusu."

Fundi alikuwa na mabaki ya mbao za milango. Akakata kwanza vigezo vitatu vya boksi gumu: mviringo kwa chumba cha kitanda kimoja, mraba kwa chumba cha vitanda viwili, pembetatu kwa chumba cha familia. Kigezo cha mviringo kikatoa vibao kumi na viwili. Cha mraba, kumi. Cha pembetatu, vinne. Akavipiga msasa mpaka vikawa laini kama sabuni iliyotumika.

Ubao ukatundikwa stoo ya mashuka. Kila chumba kilipata msumari wake, kibao chake na utepe wake. Utepe mweupe, chumba kisafi na kitupu. Mwekundu, kina mtu. Wa njano, kinasubiri ufagio. Mweusi, kibovu. Na sheria ilikuwa moja tu: anayebadilisha utepe ni aliyeingia ndani ya chumba. Si karani. Si meneja. Si yeye mwenyewe Mama Funguo, kama siku hiyo hajatia mguu humo.

"Na mimi nikitaka kujua?" karani aliuliza.

"Unauliza. Kuuliza ruksa. Kushika ndiyo hapana."

Kwa wageni waliopiga simu mapema alikuwa na kitu kingine. Alichukua shuka kuukuu, akalishonea mifuko thelathini na mmoja, kila siku ya mwezi na mfuko wake. Mtu akiomba vitanda viwili, anawekewa kadi ya mraba kwenye mfuko wa kila siku atakayolala, ina alama yake. Kadi hiyo haikwenda kwenye msumari wa chumba chochote mpaka mgeni asimame mapokezi na begi lake. Na mfuko haukuruhusiwa kuwa na kadi za mraba nyingi kuliko vibao vya mraba vilivyopo ukutani. Ikifika kumi, karani anaambiwa ajibu simu vizuri na kuomba radhi.

"Kwa nini usimpangie chumba kabisa?" karani alimuuliza. "Ukajua moja."

"Wewe unajua kesho bomba la chumba gani litapasuka?"

"Sijui."

"Basi mgeni hakuomba namba kumi na nne. Kaomba pa kulala."

Miaka ikaenda. Hakuna mgeni aliyefunguliwa tena mlango wa mtu mwenye taulo.

Watoto walikuwa wanne. Kitindamimba, binti, ndiye aliyekulia stoo, kwa kuwa mama hakuwa na wa kumwachia. Alicheza sakafuni na vibao vya akiba, akavipanga miviringo huku, miraba kule. Kisha akakua, akaenda kusomea kompyuta, akarudi na cheti na kompyuta inayofungwa na kufunguliwa kama kitabu. Fundi akamtengenezea meza. Meza ile aliipaka vanishi mara tatu.

Wakati huo hoteli ilikuwa na meneja mpya, kijana msafi, mwenye haraka. Alitaka programu ya kupangia vyumba. Kampuni moja kubwa ilikwisha kuja na watu wenye tai. Mama Funguo akagonga mlango wa ofisi.

"Meneja, nasikia unatafuta mtu wa kompyuta. Ninaye."

"Nani?"

"Nimemzaa mwenyewe."

Meneja akatabasamu. "Mama, hii siyo kazi ya kujifunzia. Ikiharibika, wageni watalala nje."

Mama Funguo akafungua mkanda kiunoni. Akaweka duara la funguo juu ya meza, katikati ya makaratasi.

"Mpe mwezi mmoja. Akishindwa, hizi usinirudishie, na mimi nakwenda nyumbani."

Meneja alizitazama funguo, akamtazama yeye. Akazifungia kwenye kabati la kioo nyuma ya kiti chake. "Mwezi mmoja," akasema.

Siku hiyo Fundi hakusikia mtu akija. Alishtukia tu mkewe yuko mlangoni.

"Funguo ziko wapi?"

"Kazini."

Fundi akamtazama kiunoni. Hakuuliza tena.

Binti ndiye aliyeuliza, alipopata habari kwa karani. "Mama, umefanya nini?"

"Nimeziweka pahali pa usalama. Kabati lina kioo."

"Nikishindwa je?"

"Umeshaanza hata?"

"Bado."

"Sasa unashindwaje na hujaanza? Kaa mezani kwako."

Kuanzia hapo, kila asubuhi Mama Funguo alisimama mapokezi kuomba ufunguo mmoja mmoja, kama mgeni. Anafungua chumba, anasafisha, anashuka, anarudisha, anaomba mwingine. Magoti yake hayakuwa ya msichana. Karani, ambaye kwa miaka yote ile alikatazwa kushika vibao, hakuiacha nafasi ile ipite.

"Mama Funguo bila funguo. Sasa tukuite nani?"

"Niite shangazi. Halafu nipe namba nane."

"Shangazi hasaini?"

"Shangazi anasaini. Lete kalamu."

Binti akafanya kazi. Alizungumza na meneja siku mbili. Alizungumza na karani siku tatu, akaandika kurasa na kurasa. Stoo hakuingia. Ile stoo alidhani anaijua. Alikuwa amelala humo akiwa mchanga, amejifunika foronya.

Jumapili mchana, uani, akawaeleza wazazi wake anachojenga. Mama alikuwa anakunja nguo, baba ananoa patasi.

"Zamani programu ilikuwa orodha ndefu ya amri," binti akasema. "Siku hizi tunaijenga kwa vitu. Chumba ni kitu. Mgeni ni kitu. Kila kitu kina mambo yake kinayoyajua, na kazi zake kinazoziweza."

"Hata mimi nina mambo yangu na kazi zangu," mama akasema. "Kumbe na mimi ni kitu."

"Wewe ni kitu kikubwa, Mama."

"Endelea."

"Siandiki vyumba ishirini na sita. Naandika muundo wa chumba mara moja, halafu kutoka humo natoa vyumba vingi nitakavyo."

"Kigezo," Fundi akasema, bila kuinua macho.

Binti akamgeukia. "Ndiyo, Baba. Kigezo hasa."

"Vyangu vitatu viko juu ya kabati."

Mama akakunja shati, akalipiga kiganja. "Na mgeni aliyepiga simu, kabla hajaja, anakaa wapi humo?"

"Ndani ya chumba. Akipiga tu, programu inampa namba, jina lake linawekwa ndani ya chumba hicho."

"Ndani ya chumba gani?"

"Hicho atakacholala."

"Na utepe? Anabadilisha nani?"

"Yeyote aliye mapokezi. Anabonyeza tu." Binti akafunga kompyuta. "Mama, ule ni ubao. Hii ni programu."

Mama Funguo akachukua suruali, akaikunja taratibu sana. "Haya," akasema.

Fundi alilijua hilo "haya". Alikuwa amelisikia mara chache maishani, na kila mara alitafuta kazi ya kufanya mbali kidogo.

Programu ikawashwa wiki hiyohiyo, na siku nane ikaenda vizuri. Meneja akawa anapita mapokezi akipiga mluzi. Siku ya tisa bomba la chumba namba kumi na nne likapasuka. Karani akafanya kama alivyofundishwa, akakifunga chumba kwenye kompyuta. Mchana wakaja bwana, mkewe na mtoto mchanga begani.

"Tuliomba vitanda viwili tangu wiki jana."

Karani akatafuta jina. Halipo. Akatafuta kwa tarehe. Halipo. Nafasi yao ilikuwa imekaa ndani ya namba kumi na nne, na kumi na nne kilipofungwa, nayo ikafungiwa humohumo. Karani akaona aibu. Palikuwa na namba tisa, inaonyesha njano. Akaibonyeza ikawa nyeupe, akawapa ufunguo.

Ndani ya namba tisa alikuwemo mzee mmoja mgonjwa wa homa, aliyeomba abaki siku moja zaidi. Mhudumu wa ghorofa alilijua hilo. Kompyuta haikulijua. Safari hii hapakuwa na mswaki, lakini mtoto mchanga alilia kwa niaba ya wote.

Meneja akawaita ofisini, mama na binti. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

"Mwisho wa mwezi wanakuja manesi thelathini na sita wa semina, juu ya wageni wa kawaida. Wakilala vizuri, programu inabaki. Wasipolala, nawapigia wale wenye tai."

Hakugusa kabati la kioo. Wote watatu waliliangalia.

Koridoni binti akasema, "Mama, niambie tu kwamba ulijua."

"Nikikuambia utapata nini?"

"Sitapata kitu."

"Basi mimi nina mashuka."

Kesho yake asubuhi mlango wa stoo ukafunguliwa. Binti akaingia bila kompyuta. Akaketi sakafuni, palepale alipokuwa akicheza, miguu sasa mirefu, inafika mpaka kwenye rafu ya taulo. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeutazama ubao zaidi ya mama yake, lakini tepe zote zilikuwa sawa. Namba kumi na nne, mweusi. Namba tisa, mwekundu.

"Mama, nieleze ubao."

"Si ulisema ni ubao tu?"

"Nilisema. Nieleze."

Mama Funguo akaweka foronya chini. Akamwonyesha kumi na nne.

"Yule bwana na mkewe, kadi yao ingekuwa wapi?"

Binti akatazama lile shuka lenye mifuko. "Kwenye mfuko wa siku."

"Nikitia kumi na nne utepe mweusi, mfuko umefungwa?"

Binti akaupapasa mfuko mmoja. "Haujafungwa."

"Basi wamekosa kile chumba, hawakukosa nafasi yao. Nachukua kadi, natafuta mraba mwingine mweupe."

"Kwa hiyo kadi ni kitu peke yake," binti akasema polepole. "Siyo ya chumba, siyo ya mgeni. Inawajua wote wawili, ila inakaa kwake."

"Kama mshenga. Anajua kwa bwana, anajua kwa bibi, na halali kwa yeyote."

Binti akacheka mpaka akaegemea taulo. Kisha akatoa daftari dogo mfukoni na kuandika: mshenga.

"Na utepe?"

"Utepe ni siri ya chumba. Ukitaka kujua, muulize aliyeingia ndani. Karani ana nini cha kujua, naye hata ngazi hazijui?"

"Kwa hiyo chumba kinabadilika kwa kazi iliyofanyika ndani yake. Wa nje wanauliza tu."

"Mimi sijui nyinyi mnaitaje. Mimi naita heshima."

Walikaa humo mpaka adhuhuri. Binti aliuliza, mama alijibu huku anakunja. Mtu akibaki siku moja zaidi inakuwaje. Mtu akihama kutoka mviringo kwenda mraba. Watu wawili wakitaka kadi ya mwisho kwa simu mbili. Maswali mengine mama aliyajibu kwa neno moja. Mengine aliyajibu kwa kisa cha mgeni fulani wa mwaka fulani, na yale ndiyo binti aliyaandika zaidi.

Kisha akaenda kwenye meza ya vanishi tatu na kubomoa karibu yote aliyojenga. Fundi alimpelekea chai, akaikuta ya kwanza imepoa, akaiondoa, akaweka ya pili. Hakutaka kusumbua.

Siku ya manesi ilifika. Basi lao lilisimama mlangoni saa nne asubuhi, kabla ya muda. Wakashuka wote thelathini na sita, mabegi yao ya magurudumu yakinguruma sakafuni. Karani akatazama kioo cha kompyuta. Vyumba vilikuwa vimechorwa humo miviringo, miraba na pembetatu, kila kimoja na rangi yake. Kila ghorofa ilikuwa na simu ya mhudumu, na kwenye simu rangi nne za kubonyeza.

Bomba la kumi na nne, ambalo lilikwisha kuzibwa, likachagua siku hiyo kupasuka tena. Mhudumu aliyekuwa humo akabonyeza nyeusi, maji yakiwa kwenye vidole vya miguu. Mraba ukawa mweusi. Lakini hakuna jina lililopotea. Chini ya kioo yakatokea maneno: vya vitanda viwili vimepungua kimoja, vya kitanda kimoja vilivyobaki ni vitatu. Karani akawaita manesi wawili, akawaomba radhi, akawapa kila mmoja chumba chake.

"Peke yangu?" nesi mmoja akasema. "Huyu anakoroma miaka kumi. Hiyo radhi niombe kila siku."

Ilipofika saa tano bado wanane walikuwa wamekaa juu ya mabegi. Vyumba vyao vinne vilikuwa njano. Wageni wa jana walichelewa kutoka. Meneja akaona watu kwenye ukumbi wake, naye ukumbi uliojaa watu hakuupenda.

"Wape hivyo vinne."

"Havijawa tayari, Meneja."

"Watakuwa wanamalizia. Badilisha."

Karani akabonyeza njano. Kompyuta ikakataa. Meneja akamsogeza, akabonyeza mwenyewe, na neno lake la siri la umeneja akaliweka. Katikati ya kioo yakaja maneno matatu tu:

Muulize aliyeingia ndani.

Binti alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Meneja akamgeukia. "Hata mimi?"

"Hata wewe, Meneja."

"Aliyeingia ndani ni nani?"

"Mama. Anapanda na kushuka kuchukua ufunguo wa kila chumba. Ndiyo maana vinachelewa."

Meneja akabaki na kidole hewani. Manesi wanane wakamtazama, na mmoja akaangalia saa. Akaondoka kuelekea ofisini. Kabati la kioo likasikika likifunguliwa.

Alipanda ngazi mwenyewe, ghorofa tatu, tai ikiwa begani. Mama Funguo alikuwa koridoni, ameinama anashika goti, amebeba ndoo, anajiandaa kushuka kuomba ufunguo wa namba ishirini na tatu. Akasikia funguo zikilia kwenye ngazi, akadhani amechanganyikiwa, kwa sababu mwenye kuziliza vile alikuwa yeye.

Meneja akamnyooshea duara la chuma.

"Mwezi haujaisha," Mama Funguo akasema. "Bado siku mbili."

"Mama, chukua. Nina watu wanane chini."

"Na programu?"

Meneja akavuta pumzi. "Imenikatalia mimi meneja nisiongope. Inabaki."

Mama Funguo akaufunga mkanda, taratibu, mafundo mawili. Akafungua ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano na ishirini na sita, mmoja baada ya mwingine, bila kushuka ngazi. Dakika arobaini baadaye mraba wa mwisho ukawa mweupe. Chini, karani akampa nesi wa mwisho ufunguo, kisha akamwambia binti, kwa sauti ya chini, "Mwambie shangazi ameshinda."

"Panda ukamwambie."

Akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika ghorofa ya tatu.

Siku hiyo Fundi alikuwa uani. Aliwasikia kabla hawajaingia, funguo zikilia kwa mpigo, na sauti mbili za wanawake zinabishana nani alimfundisha nani. Akaweka patasi chini.

Mama Funguo alizivaa funguo zile miaka sita mingine. Hoteli nyingine tatu zilikuja kwa binti zikitaka programu ileile, naye kila mara, kabla hajafungua kompyuta, aliomba apelekwe stoo ya mashuka. Mama alilisimulia hilo kwa kila mtu, hata kwa daktari, siku ambazo daktari alikuwa anataka kusema mambo mengine.

Huu ni mwaka wa pili tangu Mama Funguo alipozikwa. Funguo ni mali ya hoteli, ziliendelea na kazi. Mwezi uliopita Fundi aliitwa kurekebisha kitasa cha namba tisa. Alipiga magoti mlangoni, akafungua skrubu. Funguo zikalia kwa mpigo kwenye ngazi. Akageuka.

Alikuwa mhudumu mwingine, mwanamke wa makamo, mkanda wa kitambaa kiunoni.

"Shikamoo, Baba. Umemaliza? Karani anauliza kama kiko tayari."

"Marahaba. Kitasa kiko tayari. Chumba sijui, sijaingia."

Mwanamke akaingia. Akakagua kitanda, bafu, taulo, dirisha. Akatoka, akabonyeza simu.

"Sasa kiko tayari," akasema.

Fundi akakusanya skrubu zake, akashuka taratibu, mkono kwenye ukuta.